Bei za dukani na gengeni Mwanza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nilikaa nyuma ya kaunta ya duka la rejareja Nyakato kwa miaka tisa. Duka nimeshalifunga, lakini majirani bado wananisimamisha njiani kuniuliza yale yale: mbona mafuta, mbona sukari, mbona dagaa. Nimeyakusanya hapa. Pale ninapopiga hesabu ya bei, ichukulie kuwa mfano. Bei ya leo kaulize gengeni kwako, maana Buhongwa si Kirumba, na asubuhi si jioni.

Redioni wanasema mfumuko wa bei uko chini. Mbona dukani sioni kilichoshuka?

Mfumuko ukishuka, bei haishuki. Mfumuko ni kasi ya bei kupanda. Kwa takwimu za Ofisi ya Taifa ya Takwimu, wastani wa mwaka 2022 ulikuwa asilimia 4.3, mwaka 2023 asilimia 3.8, na mwaka 2024 asilimia 3.1. Kwa hiyo bei za 2024 zilipanda zikiwa juu ya mgongo wa bei za 2023, ambazo nazo zilikuwa zimeshakaa juu ya zile za 2022. Ni kama kupanda kilima cha Bugando: ukipunguza mwendo, bado unapanda.

Halafu kuna suala la kapu. Katika kapu linalotumika kupima mfumuko, chakula na vinywaji baridi vinachukua karibu asilimia 28. Kilichobaki ni kodi ya nyumba, nauli, nguo, simu na mengineyo. Sasa chukua mama anayeuza vitumbua Mabatini mwenye watoto wanne. Kwake chakula kinakula zaidi ya nusu ya anachopata. Unga ukiruka, yeye anaruka nao, hata kama bei ya televisheni imetulia.

Kwa nini hela yangu inaisha haraka kuliko ya jirani, na tunakula vilevile?

Hili ndilo ninalotaka ulisome hata kama utaacha mengine yote.

Dukani kwangu palikuwa na ndoo ya mafuta ya lita 20 na kikombe kidogo cha bati chenye mkono mrefu wa waya. Mtoto anakuja na chupa, anasema, "Shikamoo mama, mama kasema kipimo kimoja." Nachota, nanyanyua, nasubiri mafuta yachuruzike hadi tone la mwisho, kwa sababu mtoto analiangalia hilo tone na akifika nyumbani ataulizwa. Kipimo kilikuwa shilingi 500. Siku moja duka likiwa kimya, nikachukua chupa ya lita moja nikaijaza kwa kile kikombe huku nahesabu. Vikaingia vipimo 14. Yaani lita ya vipimo ni shilingi 7,000. Lita nzima iliyokuwa kwenye rafu nyuma yangu niliiuza 5,500.

Nilikaa chini. Wateja wangu wa kipimo walikuwa ndio wale wenye hali ngumu kuliko wote mtaani, na ndio walionunua mafuta yangu kwa bei ya juu kuliko mwalimu aliyekuja na elfu kumi mkononi.

Ni hivyo hivyo kwa sukari ya robo, sabuni ya unga ya vipakiti, majani ya chai ya pakiti za mia, na nyanya ya kopo inayouzwa kwa kijiko. Mwenye duka si mwizi. Mafuta yanabaki kwenye kuta za ndoo, vifungashio vinanunuliwa, na kumhudumia mtu wa jero kunachukua muda uleule wa kumhudumia mtu wa elfu kumi. Lakini anayelipa gharama hizo zote ni yule mwenye jero.

Kujinasua, usianze na vitu vyote. Chagua kimoja tu unachonunua kila siku, na mimi nakushauri kiwe mafuta. Ukiweza kuweka jero pembeni kwa siku 11, una 5,500 ya lita ya kwanza. Hizo siku 11 ni chungu, sikudanganyi. Pengine utapika mboga ya kuchemsha na karanga za kutwanga mara mbili tatu. Ila ukishaipata lita ya kwanza, kila wiki mbili unabakiza 1,500 ambayo zamani iliishia kwenye kikombe cha bati. Hiyo 1,500 ndiyo inayoanza kununua kilo ya sukari. Nimeona familia tatu mtaani kwangu zikifanya hivyo, na moja ilishindwa katikati kwa sababu mtoto aliugua malaria na hela ikaenda dawani. Walianza tena mwezi uliofuata.

Dagaa wanapanda na kushuka kila wiki. Nani anapanga?

Kwa sehemu kubwa, mwezi. Dagaa wa ziwa letu wanavuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi ni balbu za betri na za sola. Dagaa wanafuata mwanga, wanakusanyika, wavu unawazunguka. Sasa mbalamwezi ikiwa kali, taa haina nguvu tena, kwa sababu ziwa zima lina mwanga. Wavuvi wanapumzika, mitumbwi inakaa ufukweni, na kwenye soko la samaki la Mwaloni Kirumba magunia yanapungua. Giza likirudi, dagaa wanarudi.

Kwa hiyo angalia juu kabla ya kuangalia pochi. Siku chache baada ya giza kuingia, dagaa wakishapata jua la kutosha, ndipo wa kununua. Mwezi ukiwa umejaa unanunua mzigo uliobaki, kwa bei ya uliobaki.

La pili ni mvua. Dagaa wasipokauka siku ile ile wanaanza kuharibika, na mzigo wa namna hiyo unaishia kwenye chakula cha kuku. La tatu ni wanunuzi wenzako. Dagaa wa Mwanza wanakwenda Kongo, Rwanda na Kenya, na viwanda vya chakula cha mifugo navyo vinawataka. Ukisimama Mwaloni na kisado chako, unashindana na lori.

Kuhusu ubora: shika wachache, wavunje. Wakikatika kwa mlio, wamekauka. Wanaong'aa rangi ya fedha ni wa jua moja zuri, wenye rangi ya kahawia walinyeshewa. Tafuta walioanikwa kwenye vichanja, bei yao iko juu kidogo lakini huli mchanga, na ukiwapima unalipia dagaa peke yake. Mimi nanunua wa vichanja hata nikiwa sina hela.

Tunaishi kando ya ziwa. Mbona sangara na sato wametushinda?

Linaniuma hili swali, kwa sababu nilizaliwa wakati furu, wale samaki wadogo wa asili ya ziwa, walipikwa nyumbani bila mtu kuuliza bei.

Sangara si samaki wa asili ya hapa. Aliletwa kwenye ziwa miaka ya 1950 upande wa Uganda, akaongezeka kupita kiasi miaka ya 1980, na furu wengi wakapotea tumboni mwake. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 viwanda vya kuchakata minofu vikafunguliwa Mwanza. Tangu hapo bei ya sangara haipangwi na mama wa Igogo, inapangwa na mnunuzi wa Ulaya. Mwaka 1999 Ulaya ilipofunga mlango kwa muda kwa hofu ya samaki waliovuliwa kwa sumu, bei ya mwaloni iliporomoka. Mlango ulipofunguliwa, ikarudi juu. Juu ya minofu kuna mabondo, yaani vibofu vya hewa vya samaki, yanayokwenda Hong Kong na China, ambayo kilo yake inaiacha mbali kabisa kilo ya nyama.

Kwetu yanabaki mapanki: kichwa, mgongo na mkia. Usiyadharau. Kichwa cha sangara kilichochemshwa na ndimu, nyanya na pilipili ni mchuzi wa kumwinua mgonjwa. Nunua ya asubuhi, nusa karibu na mashavu, na usinunue yaliyokwisha kukaangwa kama hujui yalikuwa na hali gani kabla ya mafuta.

Sangara mdogo chini ya sentimita 50 usimnunue hata ukipewa kwa bei ya kutupa. Ni kinyume cha sheria, na hajazaa.

Sato wa vizimba wanaongezeka, lakini kufuga samaki ni kununua chakula chake, kwa hiyo usitegemee kuwa rahisi leo au kesho.

Sukari kwa nini inaadimika karibu na masika?

Mvua kubwa inafanya miwa isivunike wala isibebeke, na viwanda hutumia kipindi hicho kusimamisha mitambo kwa ukarabati. Kwa hiyo kati ya Machi na Juni nchi inakula akiba. Mwishoni mwa 2023 mvua za El Niño ziliwahi na kuzidi, akiba ikaisha mapema. Januari 2024 serikali ikatangaza bei elekezi ya rejareja kati ya shilingi 2,700 na 3,200 kwa kilo kulingana na mkoa, lakini madukani ilifika 4,000 na zaidi.

Wakati huo duka lilikuwa bado wazi. Mwuzaji wa jumla niliyemzoea aliniuzia mfuko kwa bei ambayo, ukiigawa kwa kilo, tayari ilizidi ile niliyoamriwa kuuzia. Na risiti hakutaka kuandika. Niliacha kuuza sukari kwa wiki tatu, na wateja wakadhani nimeificha. Mpaka leo kuna mama mmoja hanisalimii vizuri kwa jambo hilo.

Ushauri: ukiweza, nunua kilo mbili za ziada Januari na uzifunge vizuri. Si kuficha mzigo, ni kilo mbili.

Na mafuta ya kula?

Nchi inaagiza sehemu kubwa, hasa mawese kutoka Malaysia na Indonesia. Mwaka 2022 vita ya Ukraine iliziba alizeti ya huko, na Indonesia ikazuia mawese yake kutoka kuanzia mwishoni mwa Aprili hadi Mei. Ndiyo maana vita ya mbali ilifika hadi kwenye kikaango cha Mkolani. Ya alizeti ya Singida na ya mbegu za pamba za kanda yetu yapo, ila mwenye kiwanda anaangalia bei ya mawese kabla ya kupanga yake.

Petroli inahusianaje na nyanya?

Nyanya haitembei. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo ya mafuta ya petroli na dizeli Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na Mwanza iko zaidi ya kilometa 1,100 kutoka bandari ya Dar es Salaam, kwa hiyo petroli yenyewe inakuja kwa nauli. Viazi mviringo vya chipsi vinavyotoka Nyanda za Juu Kusini vinasafiri karibu safari hiyo hiyo. Upande wa Sengerema na Geita, daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025 limeondoa foleni ya kivuko, na mwenye lori la mananasi hakeshi tena akingoja huku mzigo ukiiva.

Mahindi na mchele ninunue lini?

Mahindi na mchele, kuanzia Juni hadi Agosti. Anayenunua Februari analipia ghala la aliyenunua Julai.

Lakini ukinunua mapema lazima ujue kutunza, na hapa watu wengi wanapoteza. Chukua chupa kavu, weka punje za mahindi hadi robo, tia vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, tikisa dakika mbili, acha itulie. Chumvi ikigandamana kwenye punje au kwenye chupa, mahindi bado yana maji, yarudishe juani. Ikibaki chini kama ilivyokuwa, funga. Mahindi mabichi yanaota ukungu wenye sumukuvu, na hiyo haitoki kwa kupika. Mifuko yenye matabaka matatu inaua wadudu bila dawa kwa kuwanyima hewa, mradi usiifungue fungue.

Sembe au dona?

Dona. Unapata punje nzima, inashibisha zaidi, na hakuna pumba unazomwachia mwenye mashine. Haikai muda mrefu kama sembe, kwa hiyo saga kidogo.

Tunaweza kuchanga majirani tukanunua gunia?

Mnaweza, na mfanye hivyo. Watu wanne au watano, si kumi. Kama mnacheza mchezo wa hela kwa kijumbe, geuzeni mzunguko mmoja uwe wa chakula. Siku ya kununua waende wawili, na wote wawepo wakati wa kugawana, kwa sado moja, inayopigwa mfuto na mtu mmoja.

Sisi tulikosea mara ya kwanza. Tulinunua gunia la maharage kwa bei ya kuvutia bila kuzamisha mkono hadi chini. Juu yalikuwa ya mwaka ule, yanang'aa. Katikati yalikuwa ya zamani, mengine yametobolewa na wadudu, mengine magumu kiasi kwamba mkaa wa shilingi 2,000 uliisha yakiwa bado yanagongana kwenye sufuria. Mama mmoja alilia, maana ile ilikuwa hela ya wiki nzima. Tangu hapo hatununui gunia bila kumwaga sado moja kutoka chini, na tunayaloweka usiku kucha kabla ya kupika ili kuokoa mkaa.

Nifanyeje na daftari la madeni dukani?

Daftari limeokoa watoto wengi wasilale na njaa, na sitamshauri mtu aone aibu kukopa unga. Ila uwe na la kwako, andika na wewe siku ile ile. Miaka tisa nimeona ugomvi mwingi, na mara nyingi hakuna aliyedanganya: mmoja alisahau mkate, mwingine aliandika mara mbili. Usikope vitu vya kipimo kidogo. Kama ni kukopa, kopa kilo, ili usikope kwa bei ya kikombe cha bati.

Pakiti za biskuti zimekuwa ndogo, au macho yangu?

Macho yako ni mazima. Bei ikibaki ile ile, soma gramu. Nchi nzima mtoto ana sarafu, na mtengenezaji anajua hawezi kuuza cha 230, kwa hiyo anapunguza biskuti mbili. Kama gramu zilizoandikwa na zilizomo ni tofauti, au mizani haina stika ya ukaguzi ya mwaka huu, peleka kwa Wakala wa Vipimo. Ni haki yako.

Nikate soda na vitafunwa vya watoto kwanza?

Wengi watakwambia ndiyo. Mimi nasema hapana, usikate vyote.

Kuna binti wa darasa la pili aliyekuwa anapita dukani kila Ijumaa na sarafu ya mia mbili, ile yenye simba. Ijumaa moja biskuti zake zilikuwa zimepanda hadi mia tatu. Nilimwambia. Aliiangalia sarafu, akaigeuza upande wa pili kana kwamba huko kuna mia nyingine, akasema, "Basi mama, nitakuja kesho," akaondoka bila kununua kitu. Kesho yake hakuja. Nilipaswa kumpa, na sikumpa, kwa sababu nilikuwa nimeshafanya hesabu ya faida ya siku. Nalikumbuka hilo kuliko madeni yote.

Mtoto anajua nyumbani kuna shida kabla hujamwambia. Kitu kidogo cha Ijumaa kinampa siku ya kusubiri. Kwa hiyo badilisha kitu, siku ibaki.

Soda ina ushuru wa bidhaa ndani yake, na chupa moja ya wawili inatosha. Chokoleti achana nayo: kakao ilivuka dola 10,000 kwa tani mwaka 2024 baada ya mavuno mabaya Ivory Coast na Ghana, na bei zikishapanda namna hiyo hazina haraka ya kurudi. Karanga za kukaanga nyumbani kwa mchanga au chumvi ni rahisi kuliko za pakiti. Machungwa ya Ukerewe yakiwa kwenye msimu, fungu moja linagawanyika kwa watoto watano. Barafu za ubuyu unatengeneza mwenyewe kama jirani ana friji. Na kuna michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa, ambavyo bibi zetu wa Kisukuma walituchemshia na karanga. Matobolwa ni vile vilivyochemshwa kwanza ndipo vikaanikwa. Vinatafunwa hivyo hivyo, na ni vitamu bila sukari ya mtu. Watoto wa mjini wanavikataa siku ya kwanza. Weka bakuli mezani, usiwabembeleze, ondoka.

Na senene je? Mbona bei kama nyama?

Kwa sababu msimu wake mkubwa ni Novemba na Desemba tu, wanakamatwa usiku kwa taa, kisha kila mmoja anatolewa mbawa na miguu kwa mkono. Halafu wanasafiri kutoka Bukoba kwa meli au basi. Unalipia vidole vya watu. Nunua msimu ukiwa umekolea, wa kukaanga bila mafuta ya kuongeza, maana wana yao ya kutosha. Kikombe kidogo cha kahawa kinawatosha watu wanne, mkila mmoja mmoja.